Wachezaji wamefika leveli 9 na sasa wanaweza kumuuliza mungu moja kwa moja, siri ya stori naitunzaje?

mtu_wa_nyegezi

Mwadila wakuu. Naendesha kampeni ya D&D hapa Mwanza (Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika kwa dadu), sheria zile za 2014, tunakutana jumamosi mchana kwa jamaa yetu Nyegezi, wachezaji wanne, mmoja anatokea Sengerema na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 hakosi, maana zamani kivuko kikichelewa ndo basi hatumuoni.

Dunia yetu ni visiwa ndani ya ziwa kubwa, kila kisiwa na mtemi wake. Mtemi wa kisiwa kikubwa kuliko vyote kafa kwenye sherehe, kawekewa sumu kwenye kibuyu cha pombe. Aliyepanga ni mdogo wake wa damu, kashirikiana na matajiri wa ng'ambo wanaoitaka bandari. Niliiandaa hii iende taratibu, watu wachunguze, waongee na wapishi, wafuatilie sumu ilinunuliwa wapi na nani alikaa karibu na nani.

Sasa kundi limepanda leveli 9. Kleriki wetu, yaani kuhani, kapata speli (nguvu ya uchawi) ya Commune, anamuuliza mungu wake maswali matatu ya ndiyo na hapana. Wizadi, yaani mchawi msomi, kachukua Scrying ya kumchungulia mtu kwa mbali na anaitolea macho Contact Other Plane ya kuuliza kiumbe wa ulimwengu mwingine. Na Speak with Dead, ya kuongea na maiti, wanayo toka leveli 5, maiti ya mtemi ipo ndani haijazikwa. Yaani kleriki akisema tu "aliyemuua ni mdogo wake?" mungu akajibu ndiyo, dakika moja, kazi yangu yote imeenda.

Nimefikiria mungu anyamaze, au ajibu mafumbo tu, ila roho inakataa. Huyu dada anayecheza kleriki kamjenga mhusika wake tangu leveli 1 awe mwaguzi, ndo kitu anachokipenda kuliko vyote kwenye gemu, akianza kupiga ramli meza nzima inanyamaza kumsikiliza. Nikimnyima hapo sijui nimembakizia nini. Nyie mnaoendesha leveli za juu mnafanyaje?

kirumba_kwetu

Mi kwangu izo speli hazipo kabisa. Nasema siku ya kwanza kabla mtu hajatengeneza mhusika, gemu ya upelelezi haina Commune haina Speak with Dead haina Zone of Truth (duara ambamo mtu hawezi kusema uongo), anayekubali anakaa asiyekubali tunatafuta gemu nyingine tucheze wote. Hamna aliyewahi kugomba. Ukiruhusu watu wamuulize mungu nani kaua alafu utegemee waende kuhoji wapishi unajipa presha bure braza.

mzee_wa_kete

Kukataza siku ya kwanza ni haki kabisa, sikupingi. Ila mwenzetu yuko leveli 9 tayari na dada kashaijenga mhusika wake juu ya jambo hilohilo, kukataza saivi ni kumpokonya mtu alichokichuma.

Ndugu yangu wa Nyegezi, kwanza kaa chini usome maandishi ya izo speli neno kwa neno, maana wengi wanaziogopa kwa kuzisikia tu. Kama huna kitabu, hati ya sheria za msingi, SRD 5.1, iliachiwa bure kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023, unaipakua tu na zote ulizotaja zimo.

Chukua Speak with Dead. Maswali matano, maiti inajua kile tu ilichokijua ikiwa hai, haijifunzi kitu kipya baada ya kufa, majibu yake mafupi, na ukishaiuliza hairudiwi mpaka zipite siku 10. Sasa mtemi wako anajua nini? Anajua kibuyu alikipokea mkononi kwa mke mdogo. Anajua pombe ilikuwa na uchungu usio wa kawaida. Basi. Atawaambia kila anachokijua bila kuficha, na ukweli huohuo utawapeleka kwa mke mdogo ambaye hana kosa lolote. Hujawadanganya hata kidogo, marehemu ndo alikoishia hapo.

Commune vilevile. Maandishi yanasema wazi mungu siyo lazima awe anajua yote, jambo likiwa nje ya ujuzi wake jibu linaweza kuwa kwamba halieleweki. Na neno moja likiwa litapotosha, DM, yaani wewe unayeendesha gemu, unaruhusiwa kutoa sentensi fupi badala yake. Akiipiga tena kabla ya pumziko refu, kila mara ya ziada inaongeza asilimia 25 ya kukosa jibu kabisa, kwa hiyo hawezi kukaa anamuuliza mungu mpaka asubuhi.

Na Divination, speli ya kutabiri iliyo leveli 4 ya speli, hii ndo naipenda kuliko zote. Inaangalia mambo ya ndani ya siku 7 zijazo, na imeandikwa kabisa kwamba haihesabu yale yanayoweza kuja kubadilisha matokeo. Maana yake unapotabiri unasema mambo yatakavyokuwa yakiachwa yaende yanavyoenda. Sema bila woga "mdogo mtu atakalia kiti kabla mwezi haujaandama". Ni kweli kwa leo. Wachezaji wakikimbia kuvunja hilo wakafanikiwa, hujavunja neno lako, speli imefanya kazi yake. DM wengi wanaogopa kutabiri kwa sababu wanadhani wameshajifunga kulitimiza, hawajajifunga.

Sasa la moyoni kabisa. Stori yako yote imekaa juu ya swali moja, nani kaua. Kwa leveli 9 hilo swali litajibiwa na we liache lijibiwe. Jiulize wakishajua ni mdogo mtu kinafuata nini? Ana askari, ana mitumbwi, mama yao anampenda, wazee wa baraza wameshakula hela ya ng'ambo. Kundi litasimama mbele ya baraza liseme nini, "mungu wetu katuambia"? Mdogo mtu naye ana mwaguzi wake atasimama aseme mungu wake kamwambia vingine, na baraza litamuamini nani, mgeni au mtoto wa nyumbani? Hapo ndo wapishi wanarudi, muuza sumu anarudi, kila ulichokiandaa kinarudi, ila saivi wachezaji wanatafuta ushahidi wa kitu wanachokijua na roho inawauma kwa sababu muuaji wanamwona kila siku anapokea rambirambi. Mi naona hiyo ni stori kali kuliko ya mwanzo.

Andaa karatasi moja tu: kilichotokea, nani anakijua kipande gani, na kila mtu mkubwa anataka nini wiki hii. Usiandike kitakachotokea. Ukiwa na hiyo karatasi swali lolote litakalokuja unajibu papo hapo bila kubabaika. Na ukijibu jibu vizuri, mpe mtu kitu cha kushika. Fumbo ambalo halifunguki hata baada ya tukio kupita linawafundisha wachezaji kwamba kuuliza ni kupoteza sloti (nafasi ya kupiga speli), wakishajifunza hivyo hawaulizi tena na mwaguzi wako kafa akiwa hai.

BintiNansio

Mzee umemaliza upande wa sheria, naomba niseme upande wa watu wa kisiwani wenyewe maana hamjaugusa.

Huku kanda ya ziwa ramli haijawahi kuwa taarifa tu. Ramli chonganishi kila mtu anaijua, watu wanakamatwa kwa ajili yake, na sheria ya uchawi ipo tangu 1928. Mtu anaambiwa mbaya wako ni mwanamke, mfupi, anakaa upande wa mashariki ya nyumba yako, basi jirani hana amani tena. Bibi zetu Usukumani wameuawa kwa kushukiwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jiko maisha yao yote. Kwa hiyo hili siliingizi mezani kama pambo. Namuuliza kila mchezaji pembeni, peke yake, kama yuko tayari kukutana na mambo ya kushukiwa na kunyooshewa kidole kwenye gemu, maana huwezi kujua nani kwao lilishatokea. Akisema hapana linaondoka, simuulizi kwa nini, na wenzake siwaambii ni nani.

Wakikubali wote, basi uzito wa ramli unaupata bila kubadilisha sheria hata moja, kwa sababu swali linakuwa nani kasikia jibu. Chukua mke mdogo huyohuyo aliyetajwa na mzee_wa_kete. Kleriki anapiga Commune uwanjani watu wamejaa, anauliza "mke mdogo alikishika kibuyu?" na jibu ni ndiyo, kweli alikishika. Jioni watu wako mlangoni kwake na marungu. Jibu ni la kweli na mtu asiye na hatia anataka kufa kwa ajili yake, na aliyelisema kwa sauti ni mwaguzi wetu. Sasa ana kazi kubwa kuliko kupiga vita na joka. Wachezaji wangu mimi siku hizi kabla ya kuuliza chochote wanakubaliana kwanza waulize wapi, mbele ya nani, na maneno yawe yapi, na mimi sijawahi kuwaambia wafanye hivyo.

Ila pia, na hili naomba ulishike sana mtu wa Nyegezi kwa ajili ya huyo dada, mpe na maswali ya furaha. Mwaguzi anayejulikana visiwani watu wanamfuata usiku. Mama mtoto wake alitoka na mtumbwi wa dagaa hajarudi, anataka kujua yuko hai? Mpe jibu safi lisilo na mtego ndani yake, yuko hai, yuko upande huu, mwende mkamchukue. Nilifanya hivyo kwangu na mchezaji alilia mezani. Kama kila ramli inazaa balaa basi na wewe umemnyima kwa njia ya mzunguko.

Nshomile_BK

Kuhusu mungu mwenyewe. Mimi ni wa Bukoba, kwetu wazee wanamtaja Mugasha mwenye ziwa, na mungu wa kampeni yangu nilimtengeneza nikimuwaza yeye. Anajua kila kilichopita juu ya maji, nani kavuka na mzigo gani, nani kazama, mtumbwi upi ulirudi mwepesi. Kilichofanyika ndani ya nyumba huko mlimani hakijui. Hili niliwaeleza wachezaji wazi tangu mwanzo, mhusika aliyekuzwa kwenye dini hiyo lazima ajue mungu wake anaona wapi na haoni wapi.

Matokeo yake "nani kaua" hawaulizi kabisa. Wanauliza sumu ilivuka maji? Ilivuka kabla ya mvua kuanza? Aliyeileta bado yupo kisiwani? Matatu tu hayo, na kabla ya kuuliza wanajadiliana muda mrefu mpaka chai inapoa, huyu anasema usitumie neno sumu sema dawa, huyu anasema tukiuliza hivyo tutajibiwa ya mganga wa kijiji, nakwambia huo mjadala ndo gemu yenyewe, mimi nakaa kimya nafurahi.

Nimeongeza pia kwamba anajibu usiku wa giza tu, mbalamwezi ikiwa juu anapumzika kama wavuvi wa dagaa wanavyopumzika.

mzee_wa_kete

Nshomile hiyo ya mungu wa maji nimeipenda mno, ila ya giza na mbalamwezi mi ningekuwa makini. Hiyo inapunguza speli yenyewe, mtu alichagua kitu cha kila siku anapewa cha nusu mwezi. Kama mchezaji mwenyewe kaipenda sawa, kama umemletea tu juu kwa juu siyo sawa.

Nshomile_BK

Wazo lilikuwa la mchezaji mwenyewe mkuu, baba yake ana mitumbwi. Na kwa kubadilishana nilimpa swali la nne usiku wa giza totoro.

mtu_wa_nyegezi

Aisee asanteni sana, nimesoma yote nikarudia. Hii ya mke mdogo kushikwa na jibu la kweli imenikaa kichwani tangu asubuhi. Nitaongea na kila mchezaji kwanza kama BintiNansio alivyosema.

Bado Scrying inanisumbua. Wizadi wangu ni mtu wa subira, atakaa anamchungulia mdogo mtu kila siku mpaka siku atakayosema kitu. Nifanyeje bila kuweka ukuta?

mzee_wa_kete

Soma tena sevu yake. Anayechunguliwa anarusha sevu ya hekima, yaani dadu ya kujikinga, na inapanda au kushuka kutegemea unamjua kiasi gani na una kitu gani chake. Kama umemsikia tu kwa watu anaongezewa 5. Ukiwa na picha yake anapunguziwa 2, nguo yake 4, ukiwa na nywele au ukucha wake anapunguziwa 10, hapo haponi mtu. Akishinda sevu huwezi kumjaribu tena mpaka masaa 24.

Sasa huyu ni mtoto wa mtemi, kakulia dunia ambayo hizi speli zipo na anazijua. Kinyozi wake ni mmoja, nywele zinafagiwa mbele yake zinachomwa, kucha vilevile. Nani mezani kwako atauliza kwa nini? Kila mmoja wetu kalelewa na mtu anayeficha nywele zake zikikatwa. Na wizadi naye akishajua hivyo kazi yake ni kumpata kinyozi, kumhonga, kumtisha, kujifanya kinyozi yeye mwenyewe, hiyo ni jumamosi nzima na umeipata kwenye mstari mmoja wa sheria.

Alafu andika mapema huyu jamaa anafanya nini asubuhi, mchana, usiku. Scrying ni dakika 10 za kutazama, na mtu hatembei anajisemea "mimi ndo niliua". Wamkute anahesabu mitumbwi. Wamkute anagombana na mke wake kwa mambo ya mahari ya binti yao. Usiku mmoja wamkute kakaa peke yake karibu na maiti ya kaka yake analia, kweli analia. Hapo umewapa kitu cha kweli ambacho kitawasumbua vichwa, na hujawazuia kuona chochote.

Vitu vya kuzuia vipo, Nondetection, ya kumficha mtu asichunguliwe, inakaa masaa 8 na inakula vumbi la almasi la vipande 25 vya dhahabu kila ikipigwa, kwa hiyo waachie wale matajiri wa ng'ambo. Barua zao ziwekwe kwenye kisanduku chenye bati la risasi ndani, zile risasi za kuzamishia nyavu zimeyeyushwa, Locate Object, speli ya kutafuta kitu, haipenyi risasi hata ikiwa nyembamba namna gani. Lakini wapewe wachache. Ukimvika kila adui kinga umezifuta speli kinyemela, bora ufanye kama kirumba_kwetu useme wazi.

kirumba_kwetu

Nashukuru kwa hilo mzee. Hii ya baraza kukataa ramli kama ushahidi naikubali, sikuwahi kuiangalia ivo. Ila Contact Other Plane bado naiona noma, maswali matano sio matatu, na inapigwa kama ibada bila kula sloti. Mtu anaweza kuirudia kila siku.

Nshomile_BK

Anaweza, ila kila mara anarusha sevu ya akili, lazima afikishe 15. Wizadi wa leveli 9 mwenye akili 20 anaongezewa 9, kwa hiyo akitoa 1 mpaka 5 kwenye dadu ya pande 20 amefeli, robo nzima hiyo. Akifeli anaumizwa kwa jumla ya dadu sita (6d6) na anarukwa na akili mpaka pumziko refu, haelewi anachoambiwa, hawezi kufanya lolote. Wakiwa nyumbani salama watamlinda tu, wakiwa kwenye kisiwa cha adui wanabeba mtu anayebwabwaja kwenye mtumbwi. Mimi sijawahi kuhitaji kuongeza kitu hapo. Na anayejibu siyo mungu wako wa nyumbani, amua ni nani huyo, anataka nini, na kwa nini anapokea simu za watu wadogo.

mtu_wa_nyegezi

Na wakimweka mdogo mtu ndani ya Zone of Truth mbele ya baraza? Kleriki anayo, nina uhakika hilo ndo watakalofanya wakishajua.

BintiNansio

Watafanya ndiyo, na wewe uwe umejiandaa. Ni duara la futi 15 kutoka katikati, dakika 10, sevu ya haiba, na kleriki anajua kama mtu kafeli au kapona. Aliye ndani anajua kabisa yumo kwenye speli, hawezi kusema uongo lakini anaweza kukwepa na anaweza kunyamaza. Kwanza aingie kwa hiari? Mtoto wa mtemi kuhojiwa kama mwizi wa kuku kwenye msiba wa kaka yake, nusu ya baraza itasimama kumtetea hata wasio na hela ya ng'ambo. Kundi itabidi litafute mzee wa kusema "aingie", na huyo mzee wampate vipi ni juu yao.

Akiingia, mwandikie kabisa maneno ya kweli anayoweza kuyasema. "Kibuyu sikukishika." "Nilimpenda kaka yangu." "Sikuwepo jikoni siku ile." Yote kweli. Wachezaji wakikaza swali mpaka akashindwa kujibu, ule ukimya mbele ya wazee wote ni ushindi wao, wape. Usimtafutie njia ya kutoka dakika ya mwisho. Na mama yao awepo pale anaangalia.

mtu_wa_nyegezi

Mama yao! Sikuwa nimempa hata jina. Naenda kumwandika sasa hivi, anajua kipande gani na anataka nini, karatasi ya mzee naianza na yeye.